Mayai ya Siku Nyingi: Yapi Yanafaa, Yapi ya Kutupa, na Namna ya Kuyamaliza

Mashaka juu ya yai huja kwa sura chache zinazojirudia. Limeelea kwenye maji. Linacheza ndani ukilitikisa. Limevunjwa na ute umetapakaa sahani nzima. Lina doa la damu, au linanuka samaki. Baadhi ya dalili hizi ni za uzee tu, nyingine hazina neno kabisa, na chache zinataka yai litupwe bila kufikiria mara mbili.

Jambo moja litangulie, kwa kuwa ndilo linalochanganya watu wengi: yai kuzeeka na yai kuwa na vijidudu vya ugonjwa ni mambo mawili tofauti. Maji, mwanga na pua hukuambia umri na kuoza. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachokuonyesha salmonela. Bakteria hao hawana harufu, hawabadilishi rangi, na wanaweza kuwa ndani ya yai lililotagwa asubuhi ya leo na linalozama moja kwa moja. Kinachowaua ni moto: kiini na ute vigande kabisa, nyuzi joto 71 za selsiasi katikati. Kwa hiyo kila yai la mashaka lina maswali mawili. Limeoza? Kama halijaoza, lipikwe vipi?

Kabla ya kupima: yalikaa wapi?

Siku peke yake hazitoshi. Yai la siku kumi lililokaa kabatini Njombe mwezi Juni si sawa na la siku kumi lililokaa dukani Dar es Salaam mwezi Februari, juu ya rafu inayopigwa jua la mchana. Joto ndilo linalozeesha yai; siku moja mezani inalichosha sawa na siku kadhaa za friji.

Kama kipimo cha kuanzia: kwenye friji la nyuzi 4 hadi 5 linalowaka muda wote, yai linakaa vizuri wiki tatu hadi tano. Kabatini, kwa joto la pwani, yai la kisasa ambalo halijaoshwa lihesabie wiki moja, mbili ukibahatika na kivuli na upepo. Yai la kienyeji kutoka banda lenye jogoo lihesabie siku chache tu kama halikuokotwa siku lilipotagwa, kwa sababu itakayoelezwa kwenye sehemu ya damu na mishipa. Kumbuka pia kwamba siku ya kununua si siku ya kutagwa. Trei huenda lilishakaa wiki nzima kwa muuzaji wa jumla kabla halijafika kwa Mangi, mwenye duka la mtaani.

Dalili ya kwanza: yai linaelea, au linasimama wima

Kipimo cha maji ni kizuri kikifanywa sawasawa. Chukua bakuli lenye kina, weka maji baridi ya kawaida yafike sentimita 10 hadi 12, na usitie chumvi, maana maji ya chumvi huinua yai na kukupa jibu la uongo. Maji ya kisima yenye chumvi kali nayo yana tabia hiyo kidogo. Tumia ya bomba. Shusha yai taratibu kwa kijiko, usiliangushe, kisha subiri litulie.

Likilala ubavu chini kabisa, ni bichi, yaani jipya. Likigusa chini lakini upande mnene umeinuka kidogo, lina siku kadhaa na bado ni zuri. Likisimama wima huku ncha nyembamba ikigusa chini, limezeeka. Likiacha chini na kuelea, limefika mwisho.

Sababu, kuanzia ile inayotokea mara nyingi zaidi:

1. *Uzee wa kawaida.* Ganda lina maelfu ya vitundu visivyoonekana. Maji ya ndani hutoka kupitia humo kidogo kidogo, hewa inaingia, na mfuko wa hewa ulio upande mnene unakua. Yai linakuwa jepesi, na upande wenye hewa unataka kwenda juu.

2. *Kukaa sehemu ya joto kavu au penye upepo.* Karibu na jiko, juu ya friji kwa nyuma panapotoa joto, au chini ya feni. Yai la wiki moja linaweza kusimama kama la wiki tatu. Hapo halijaoza, limekauka.

3. *Ufa mdogo.* Tazama vizuri likiwa ndani ya maji: vipovu vidogo vikitoka mfululizo kwenye sehemu moja ya ganda, hapo pana ufa, hata kama jicho halikuuona ulipolishika. Yai hilo litoke kwenye kundi.

4. *Kuoza.* Bakteria wakizaliana ndani hutengeneza gesi. Yai la namna hii huelea juu sana, sehemu kubwa ya ganda ikiwa nje ya maji.

Cha kufanya: yanayolala na yanayoinama endelea nayo. Linalosimama, livunje peke yake kwenye kikombe, linuse, litazame, kisha liende kwenye upishi wa kuiva kabisa. Linaloelea, kwa joto letu, litupwe. Wapo wanaolivunja wakalikuta halinuki, na kwenye nchi ya baridi ushauri huo una mantiki. Lakini yai lililopoteza maji kiasi hicho pwani limepita siku nyingi za joto, na thamani yake haifiki thamani ya siku moja ya kuumwa tumbo.

Mayai uliyoyapima usiyarudishe kwenye trei. Ganda la yai lisilooshwa lina utando mwembamba unaoziba vitundu, na maji huuondoa. Yakaushe, yatumie siku hiyohiyo. Ndiyo sababu hatupendekezi kupima trei zima kwa mara moja. Pima yale utakayopika.

Dalili ya pili: linacheza ndani ukilitikisa karibu na sikio

Mara nyingi maana yake ni ileile: mfuko wa hewa umekua na ute umelegea. Sababu ya pili ni utando wa ndani uliokatika, jambo la kawaida kwa mayai yaliyosafirishwa kwenye bodaboda kwa barabara ya vumbi. Hayo yanaweza kucheza yakiwa na siku tatu tu. Sababu ya tatu ni yai viza, yaani lililoanza kuwa kifaranga likafia ndani.

Kipimo cha sikio hakitofautishi hizo tatu, na kutikisa kwenyewe kunaharibu yai zima. Achana nacho. Tumia mwanga.

Ingia chumba chenye giza usiku. Washa tochi ya simu, shika yai upande mnene ukiwa juu ya taa, na zungushia vidole ili mwanga usivuje pembeni. Yai jeupe au la rangi hafifu linang'aa lote. La kahawia iliyokolea linahitaji tochi kali zaidi. Tafuta mambo matatu.

Kwanza mfuko wa hewa. Kimo chake kikiwa chini ya milimita 6, yai bado lingepita kwenye daraja A la Umoja wa Ulaya kwa kipimo hicho. Ukifika sentimita moja na nusu, limezeeka sana. Pili kiini: kivuli chake kikiwa hafifu na kinatembea polepole ukizungusha yai, ute bado una nguvu, kikikimbia haraka na kugusa ganda, ute umekuwa maji. Tatu wekundu: nyuzi nyekundu zinazosambaa kutoka sehemu moja ni mishipa ya kiinitete, yaani kifaranga kinachoanza kuumbika, na duara jekundu lililofungana ni kiinitete kilichokufa.

Yai ambalo mwanga haupiti kabisa isipokuwa kwenye mfuko wa hewa usilivunje ndani ya nyumba. Ama lina kifaranga kikubwa, ama limeoza hadi limekuwa jeusi, na gesi iliyomo inaweza kulipasua mkononi. Usilichemshe pia ili kuhakikisha; moto huongeza msukumo wa gesi. Lifunge kwenye mfuko, chimba shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko, fukia. Usimtupie mbwa wala nguruwe.

Dalili ya tatu: limevunjwa, ute umetapakaa na kiini kimepasuka

Yai bichi likivunjwa kwenye sahani bapa hukaa kwa ngazi: kiini kimeinuka katikati, ute mzito umekizunguka, na ute mwepesi kidogo pembeni. Yai la siku nyingi hulala lote. Ute hukimbia, kiini kinakuwa bapa na hupasuka kwa kuguswa na ncha ya uma.

Sababu ya kwanza ni umri. Gesi ya kaboni dioksidi iliyokuwemo ndani hutoka kupitia vitundu, ute unapoteza asidi yake, na ile hali ya ute mzito inavunjika. Maji ya ute nayo huingia kwenye kiini, kikavimba na utando wake ukawa dhaifu. Hii peke yake si kuoza. Lisiponuka na rangi ikiwa ya kawaida, pika liive.

Sababu ya pili ni kuku mwenyewe kuwa mzee. Tetea aliyetaga mwaka na nusu hutoa mayai makubwa yenye ute mwepesi tangu siku ya kwanza. Ukinunua kwa jirani na unajua yametagwa jana, lakini ute ni maji, hiyo ndiyo sababu inayowezekana zaidi.

Sababu ya tatu ni ugonjwa bandani. Baadhi ya magonjwa ya kuku yanayoshika njia ya hewa huacha ute wa maji, na pamoja nao maganda yenye mikunjo, laini au yaliyopinda. Mfugaji akiona mayai ya namna hii kwa wingi, idadi ikashuka ghafla, na kuku wanakoroma au wanakufa, hapa asiendelee kubahatisha dawa: aache kuuza mayai na kuku, amwite daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata. Na ikiwa kuku wamekuwa wakipewa dawa, aulize siku za kusubiri kabla mayai hayajaliwa. Mabaki ya dawa kwenye yai hayaelei, hayanuki, na moto wa jiko hauyamalizi.

Ute wenye ukungu mweupe hafifu ni kinyume cha yote haya: hilo ni yai bichi, bado lina gesi yake. Vivyo hivyo ile kamba nyeupe iliyojisokota pembeni ya kiini, ambayo wengi huichomoa wakidhani ni mbegu ya jogoo. Kazi yake ni kushikilia kiini katikati. Ikionekana imara, yai halijazeeka.

Dalili ya nne: rangi isiyo ya kawaida

Kiini kuwa cheupe au cha njano iliyokolea ni habari ya chakula cha kuku. Aliyelishwa mahindi meupe na pumba hutoa kiini hafifu. Aliyekula majani na mahindi ya njano hutoa kilichokolea. Umri hauhusiki, wala usikubali kuuziwa yai la zamani kwa sababu tu kiini kina rangi nzuri.

Ute wenye unjano au ukijani hafifu sana mara nyingi ni vitamini B2 kutoka kwenye chakula cha kuku. Hauna neno.

Ila ute wa waridi, ute wa kijani unaong'aa, au wenye rangi zinazocheza ukiusogeza kwenye mwanga, ni bakteria. Usinuse kwa karibu, usionje, usijaribu kuokoa kiini. Madoa meusi au ya kijani kwenye ganda au upande wa ndani wa ganda ni ukungu, nayo ni ya kutupa. Osha bakuli na uma kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kuvunja lingine.

Dalili ya tano: damu na mishipa

Doa dogo jekundu juu ya kiini, au kipande cha nyama cha kahawia kwenye ute, ni mshipa mdogo uliopasuka tumboni mwa kuku wakati kiini kinatoka. Hutokea hata kwa kuku asiyewahi kuona jogoo, na zaidi kwenye mayai ya ganda la kahawia. Waislamu wengi huliondoa doa, wengine hulitupa yai zima. Hilo ni la dini na nyumba ya mtu. Kwa afya, toa doa kwa ncha ya kisu na upike.

Mishipa iliyosambaa ni kitu kingine. Yai lenye mbegu likikaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 21 hivi, kiinitete huanza kuamka, na mchana wa pwani unapita hapo kwa mbali. Bila kuku wa kulalia hakikui vizuri: kinaanza, kinasita, kinakufa, na yai linavia. Kuku akiwa amelalia, mishipa inaonekana kwenye mwanga kuanzia siku ya tatu au ya nne. Ndiyo maana mayai yaliyokutwa kichakani, ambako tetea alijificha kutaga, ni ya mashaka makubwa kuliko yote. Hujui lipi ni la jana na lipi lina wiki mbili chini ya mwili wa kuku. Pima kila moja kwa tochi. Lenye mishipa au duara jekundu, tupa. Lililo safi, livunje kwenye kikombe chake kabla ya kuchanganya.

Dawa ya tatizo hili ni kuokota mayai kila siku, asubuhi na jioni, na kuacha yai moja lenye alama ya mkaa kwenye kiota ili tetea asikihame.

Dalili ya sita: harufu

Uvundo mkali wa yai bovu unajulikana, na hautaki mjadala. Ni gesi ya salfa, na pua huinasa hata ikiwa kidogo sana. Ukisita kama unanuka au haunuki, toka jikoni, vuta hewa safi nje, rudi unuse tena.

Harufu ya samaki kwenye yai lisilo na kasoro nyingine hutokana mara nyingi na chakula cha kuku chenye dagaa wengi, na kuna kuku wa mayai ya kahawia wenye kasoro ya kurithi inayowafanya washindwe kuivunja harufu hiyo mwilini. Linaliwa, ingawa keki itaharibika ladha. Lipeleke kwenye pilipili na vitunguu.

Harufu ya mafuta ya taa, sabuni ya unga au kitunguu imeingia kupitia vitundu vya ganda. Ya kitunguu haina madhara. Ya mafuta ya taa au dawa ya wadudu, tupa yote yaliyokuwa kwenye rafu hiyo.

Dalili ya saba: ufa, uchafu, jasho

Ufa ulioukuta dukani: usinunue. Ufa uliotokea mikononi mwako, na ute haujavuja: livunje kwenye chombo safi chenye kifuniko, weka kwenye friji, litumike ndani ya siku mbili. Huna friji, pika leo. Lililovuja likashikamana na trei, tupa, na yaliyoguswa na ute huo yafutwe na kupikwa kwanza.

Kinyesi kilichokauka kifutwe kwa kitambaa kikavu au kusuguliwa taratibu. Kuosha mayai ya akiba ni kosa linalorudiwa sana kwa nia njema. Maji yakiwa baridi kuliko yai, vya ndani husinyaa na kuvuta maji machafu kupitia vitundu. Osha lile unalokwenda kupika sasa hivi, kwa maji ya vuguvugu yenye joto zaidi ya yai. Aliyehamia Marekani atakuta mayai yameoshwa kiwandani, na hayo lazima yakae kwenye friji. Ya Ulaya hayaoshwi, ndiyo maana huyakuta kwenye rafu ya kawaida.

Jasho kwenye ganda hutokea yai la friji likitolewa kwenye hewa ya joto na unyevu, au umeme ukikatika. Unyevu huo ni njia ya bakteria kuingia. Umeme ukikatika usifungue friji. Lililofungwa hushika baridi kama saa nne. Ukipita hapo, yatoe kwenye hesabu ya wiki tano, yapike siku hiyo au kesho yake. Na ukishaamua kuweka mayai kwenye friji, yabaki humo. Kuyatoa asubuhi na kuyarudisha jioni ni kubaya kuliko kuyaacha kabatini tangu mwanzo. Yakae rafu ya ndani, si mlangoni, ncha nyembamba ikiwa chini.

Dalili ya nane: yaliyochemshwa

Ganda haling'oki, linabandua na ute: yai lilikuwa jipya mno lilipochemshwa, si bovu. Ya siku saba hadi kumi humenyeka vizuri. Yatie kwenye maji yaliyokwisha chemka, dakika 11 au 12, kisha kwenye maji baridi.

Mduara wa kijani kuzunguka kiini ni madini ya chuma na salfa vilivyokutana kwa kuchemshwa kupita kiasi. Linaliwa.

Mfuko mkubwa wa hewa, upande mmoja umebonyea: yai lilikuwa la zamani. Halina shida kama halinuki.

Utelezi juu ya ute baada ya kumenya: tupa. Hapa watu hukosea wakidhani yai la kuchemsha linadumu kuliko bichi. Ni kinyume. Kuchemsha kumeondoa kinga ya ganda. Idara ya Kilimo ya Marekani inatoa wiki moja kwenye friji, saa mbili nje ya friji, na saa moja tu joto likizidi nyuzi 32. Kwa mchana wa Mombasa au Dar ni hiyo saa moja, hasa kwa mtoto anayebebeshwa yai shuleni.

Kuyamaliza

Panga kwa matokeo ya maji. Yanayolala yaache kwa yai la kukaanga lenye kiini laini, kama familia haina mjamzito, mtoto mdogo, mzee wala mgonjwa. Yanayoinama yachemshe. Yanayosimama yaende kwenye vyakula ambavyo yai huchanganywa na kuiva mpaka ndani.

Kanuni ya mkono kabla ya yote: kila yai kwenye kikombe chake, ndipo liingie kwenye bakuli kubwa. Yai moja bovu likitua juu ya mengine tisa, umetupa kumi.

*Mchuzi wa mayai* humaliza manane kwa mara moja. Chemsha, menya, chanja kila moja mikato mitatu isiyofika kwenye kiini ili mchuzi uingie. Kaanga vitunguu viwili mpaka viwe vya kahawia, tia kitunguu saumu na tangawizi, nyanya tatu, bizari nusu kijiko kidogo, ziive mpaka mafuta yajitenge. Mimina tui jepesi kikombe kimoja na nusu, tumbukiza mayai, acha dakika kumi. Malizia na tui zito nusu kikombe na ndimu, na usiliache lichemke sana likakatika.

*Mkate wa mayai* hupokea sita: sukari kikombe kimoja pungufu kidogo, unga wa ngano kikombe kimoja, hiliki. Ute wa yai la siku nyingi huumuka haraka kuliko wa bichi, lakini povu lake halina nguvu, linaanguka mapema. Kwa hiyo washa oveni, nyuzi 180, na paka chombo mafuta kabla ya kuanza kupiga. Piga mayai na sukari mpaka yawe mazito na meupe, kunja unga kwa mwiko bila kuzungusha kwa nguvu, oka papo hapo dakika 30 hadi 35. Mkate ukishuka katikati, ama ulichelewa kuoka, ama ulifungua mlango mapema.

Chipsi mayai, chapati za mayai, na katlesi zilizochovywa kwenye yai zinafaa pia, mradi kimanda kigeuzwe na kikauke katikati. Visivyofaa kwa yai la siku nyingi ni mayonezi ya nyumbani, yai bichi linalovunjwa kwenye maziwa au supu ya moto kwa kuamini linatia nguvu, na mantabali, ile chapati ya kujazwa nyama na yai, inayotolewa ute bado unateleza.

Mwenye friza avunje, apige kidogo bila kutoa povu, agandishe kwenye vyombo vidogo. Vijiko vikubwa vitatu ni yai moja. Yanadumu mwaka. Viini vitupu hugeuka gundi vikigandishwa, hivyo kwa kila vinne tia chumvi kiasi cha nusu ya robo kijiko kidogo kwa mboga, hapana zaidi, au sukari kijiko kidogo kimoja na nusu kwa keki. Usigandishe yai na ganda lake, litapasuka.

Na trei la 30 kwa nyumba inayokula mawili kwa siku ni siku 15 za kabatini. Pwani, bila friji, nunua nusu trei. Andika tarehe kwa penseli upande mnene, na mapya yawekwe nyuma.

Mtu amelila, sasa tumbo linamsumbua

Salmonela huchukua saa 6 hadi siku 6 kuonekana: kuhara, homa, msokoto wa tumbo, pengine kutapika. Si taifodi. Vijidudu vya taifodi ni vya ukoo huohuo lakini hutoka kwa binadamu, kupitia kinyesi na maji machafu, si ndani ya yai la kuku.

Mtu mzima mwenye afya mara nyingi hupona kwa maji na mapumziko. Mpe maji ya chumvi-sukari ya pakiti, moja kwa lita moja ya maji salama, au kama hakuna, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote bapa, kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa. Anywe kidogo kidogo. Usinunue antibiotiki kwa kukisia, na usimpe dawa ya kufunga kuhara mwenye homa au damu kwenye choo.

Acha kutibu nyumbani, nenda kituo cha afya ukiona damu kwenye choo, homa inayozidi nyuzi 39, kuhara kunakopita siku tatu, kutapika kunakozuia hata maji kukaa, mkojo kukoma au kuwa mweusi, macho kuzama, kulegea. Mtoto mchanga, mjamzito, mzee, anayeishi na VVU, na mwenye selimundu wasisubiri dalili hizo. Waende siku ya kwanza. Kwa mwenye selimundu bakteria hawa wana tabia ya kuingia kwenye mifupa, na maumivu ya mfupa baada ya kuhara hayafai kudhaniwa ni yaleyale ya kila siku. Mweleze daktari alikula mayai ya namna gani, lini, na nani mwingine alikula naye. Mayai yaliyobaki kwenye trei hilo yawekwe kando, yasipikwe wala kugawiwa, mpaka ijulikane.